Mshindani Wangu ni Sanduku

Jumatatu, 3 Juni

Nimefika kituoni. Mgongo umeisha, lakini lenzi ni nzima. Chumba changu kina kitanda, msumari wa kutundikia nguo na dirisha linalotazama jiko. Mpishi alinichungulia mara mbili kabla sijafungua begi. Ya kwanza aliuliza kama nakula pilipili. Ya pili aliuliza kama mimi ndiye yule wa harusi.

Ndiyo, mimi ndiye wa harusi. Na wa vitambulisho, na wa mahafali, mpaka ofisi zote zilipoanza kupiga watu picha zenyewe, pale pale mezani, bila hata kuwaambia wachane nywele. Studio nimeifunga. Sasa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mwenye studio ya kiyoyozi na zulia, amejitolea kuniajiri. Cheo: kushika mwavuli wa taa. Fulana ameshachapisha. Mgongoni imeandikwa MSAIDIZI kwa herufi za njano. Jana alinipigia kuniuliza saizi.

Mungu si Athumani. Kituo hiki kinatoa kitabu cha picha za wanyama wa msituni na wataalamu wanaowachunguza. Nimepewa wiki. Picha ya jalada ikiwa yangu, napewa mkataba wa mwaka mzima, mpiga picha rasmi. Isipokuwa yangu, narudi mjini kuvaa fulana. Kitabu kinakwenda kwa mchapaji Jumatatu ijayo.

Bosi hapa ni Daktari. Si wa watu, ni wa wanyama wadogo. Mpishi anasema siku ya kwanza alimwonyesha jino linalomuuma, akaambiwa kwamba hilo ni jino la kawaida la mnyama anayekula kila kitu.

Nilidhani mnyama wa jalada ni chui. Nimekuja na lenzi ya chui. Kumbe ni sange! Panya mkubwa aliyevutwa pua. Anatembea mchana, anakula sisimizi, na ana vijia vyake anavyovifagia kwa miguu kila siku, hataki kuona hata jani. Wanaishi mume na mke, maisha yao yote, eneo moja, ila ni nadra kuonana. Daktari alinieleza haya macho yamemlowa. Nikamwambia kwangu pia ndivyo tunavyoishi. Hakucheka.

Nikauliza nashindana na nani. Akanipeleka kwenye kijia cha sange, akanionyesha mti. Mtini kuna sanduku la kijani, ukubwa wa tofali, limefungwa kwa mkanda. Mnyama akipita, linahisi joto lake, linapiga lenyewe. Linafunguliwa Jumapili tu, ili harufu za watu zisijae pale. Akanionyesha picha za wiki iliyopita. Hii ni shajara yangu, sina sababu ya kudanganya: nzuri. Nzuri mno! Kasoro yake ni moja. Daktari anataka pua na jicho vionekane vyote katika picha moja, na sanduku halijabahatika bado.

Nimepiga maharusi waliolia, wazee waliosinzia na mapacha waliotiana ngumi. Sitashindwa na tofali.


Jumanne, 4 Juni

Nimekaa kichakani tangu asubuhi. Sisimizi. Suruali mbili hazikutosha. Sange anawala sisimizi hawa. Ningemheshimu zaidi kama angekuja kuwala wakiwa ndani ya soksi zangu.

Nilipochoka nikapiga mluzi kidogo. Ndivyo ninavyowafanya watoto watazame kamera. Sange hakutazama. Daktari ndiye alitokea, akiwa na darubini shingoni, akaniomba kwa upole wa kutisha nisipige mluzi tena maishani mwangu.

Mavuno ya leo: majani. Majani. Majani. Kitu chenye ukungu ambacho ni mkia au ni kidole changu.

Katika chumba kilicho jirani na changu analala Profesa Popo. Anachunguza popo, kwa hiyo anaishi kipopo: mchana analala, magharibi anaamka, kila kitu kinamkera. Nimepiga chafya saa sita mchana, akagonga ukuta. Nikamwomba radhi kupitia ukutani, akagonga tena.

Mke wangu kaandika ujumbe kuuliza kama nimepata. Nimemjibu kwamba kazi nzuri haitaki haraka. Akajibu kwamba kaka yake anasema saizi kubwa zinaisha.


Jumatano, 5 Juni

Usingizi umeniletea busara. Mimi sihitaji kupiga vizuri kuliko sanduku. Nahitaji tu sanduku lipige vibaya kuliko mimi.

Asubuhi nikabandika jani kwenye jicho la sanduku. Kwa mate. Jani likaanguka kabla sijafika kichakani kwangu. Nikalibandika tena, likaanguka tena. Mti mzima una majani maelfu na yote yamekaa, langu tu ndilo haliwezi! Hapo nikavua soksi ya kushoto nikalivalisha sanduku. Ilikaa sawasawa, mtu angedhani imefumwa kwa kazi hiyo.

Nikangoja kwa raha. Hakuna aliyepita ila Daktari. Akaiona soksi. Mimi nimelala kifudifudi kichakani, sipumui, sisimizi wananifanyia sherehe. Akaivua, akainusa (jasiri yule mama!), akaigeuzageuza, akaandika kitu, akaondoka nayo.

Wakati wa chakula akatangaza. Nyani wameanza kuiba nguo kwenye kamba na kuzitumia kama vifaa. Ni tabia mpya kabisa! Akaomba sote tuanike nguo ndani. Profesa Popo, ambaye ndiyo kwanza ameamka, akauliza ni nyani gani anavaa soksi yenye kiraka cha kitambaa cha suti. Daktari akamjibu kwamba nyani haulizwi mshonaji wake.

Soksi iko mezani kwake ndani ya mfuko wa plastiki wenye namba. Siwezi kuidai. Nilikuja na jozi moja nzuri, sasa nina nusu ya jozi.


Alhamisi, 6 Juni

Maarifa! Na nimepewa bure, juu ya sahani.

Nilimuuliza Daktari, kama mtu anayejali sayansi, sange wakikasirika hufanyaje. Uso ukamng'aa. Akaweka kijiko chini. Akasema sange akiudhika hupigapiga mkia kwenye majani makavu, pa-pa-pa, na mwenye eneo akisikia mkia asioujua, lazima aje kuona ni nani kaingia kwake bila hodi. Nikamwambia ni jambo la kupendeza sana. Kisha nikapita jikoni nikaazima mwiko. Mpishi hakuwepo, ndiyo maana nasema niliazima.

Mchana kutwa nimepiga majani kwa mwiko. Pa-pa, paa! Pa-pa, paa! Mkono umevimba. Sange hata kivuli. Lakini sikati tamaa, maana hata wateja wa kitambulisho walikuwa hawaji siku ya kwanza baada ya kuweka tangazo.

Jioni Daktari aliingia chumba cha chakula mbio, nywele zimejaa vijiti. Amesikia dume jipya! Dume kubwa, lenye mapigo ambayo hajawahi kuyasikia, mawili ya haraka na moja zito. Alikuwa na kinasa sauti, akatusikilizisha. Nikajisikiliza. Si vibaya, kwa mtu anayeanza.

Profesa Popo akasema huyo si sange, huyo ni mtu anayetwanga, na kwamba amemnyima usingizi mchana wote. Daktari akamwambia yeye anajua vinavyoning'inia, aachane na vinavyotembea. Wakanuniana. Mpishi naye akanuna, maana alipakua chakula kwa kikombe na kila mtu alimuuliza kwa nini.

Nilikula nimeinama. Nilitaka kusema, lakini Daktari alikuwa amefurahi mno. Na mimi bado sijapata picha.


Ijumaa, 7 Juni

Siwezi kuandika. Nitaandika.

Amekuja.

Nilikuwa nimepiga kidogo tu, pa-pa, paa, nikapumzika kumtoa sisimizi sikioni. Majani yakasema chwa. Nikainua macho. Jike la sange limesimama kijiani mbele yangu, karibu mno, jua limepenya juu yake tu kana kwamba kuna mtu ameshika taa. Pua ile yote! Jicho lile, jeusi, linang'aa! Nikainua kamera polepole, nikaona kila kitu ndani ya lenzi, pua, jicho, masharubu, kitu ambacho tofali halikupata kamwe. Kasoro moja tu. Alikuwa ameinamisha uso kidogo.

Na ulimi wangu, ulimi uliozoea, ulimi ambao haujawahi kuniuliza, ukasema:

"Kidevu juu kidogo, mama."

Ameondoka. Sikuona hata alikopitia.

Nina picha ya kijia kilichofagiwa vizuri.

Nilikaa pale nikajitukana mpaka maneno yakaniishia, nikarudia yale ya mwanzo. Nyumbani mke wangu hunikataza kuongea wakati anasuka nywele, husema nitaongea mpaka kaburini. Nilimcheka. Sasa nitakwenda kushika mwavuli mbele ya maharusi ambao kaka yake atawaambia wainue videvu, na mimi nitanyamaza, nimevaa fulana. Sitaki. Nasema wazi hapa kwa sababu hakuna anayesoma: naogopa. Nimekuwa mwenye studio. Watu wa mtaani waliniita Fundi.

Baada ya hapo nikapiga mwiko kwa hasira mpaka magharibi. Profesa Popo ametoa tangazo ubaoni dhidi ya Dume Jipya.


Jumamosi, 8 Juni

Mambo yamekwenda mrama.

Sange wamehama. Wote wawili. Daktari alitoka alfajiri akakuta kijia kimejaa majani, hakikufagiwa. Alitusimulia amesimama, uji wake unapoa. Amewafuata wale wawili tangu alipokuwa mwanafunzi akilala kwenye hema linalovuja. Anaamini dume jipya limewafukuza. Alisema kwa sange, mwenye eneo akishindwa huondoka bila kurudi nyuma, na mara nyingi hafiki mbali. Kisha akachukua uji wake akaenda kuunywea nje.

Nilimfuata nimwambie. Naapa nilimfuata! Nilipomfikia akageuka, macho mekundu, akasema afadhali mimi niko hapa, maana anahitaji mtu mwenye mikono iliyotulia. Nikasema niko tayari. Mengine nikayaahirisha.

Kazi yenyewe: kufunga masanduku mengine matatu. Ebo! Nilikuja kushindana na moja, sasa ninayafunga matatu kwa mikono yangu! Anataka kulinasa Dume Jipya kutoka kila upande. Nikafunga vizuri, siwezi kufunga vibaya, nimefunga mapazia ya studio kwa miaka. Moja nililiweka mti wa pili, likitazamana na lile sanduku la kwanza. Daktari akasifia mafundo yangu. Hajawahi kusifia picha zangu.

Tukiwa tunarudi akaniambia, bila kujua ananichoma, kwamba ana tumaini kubwa na sanduku la kwanza. Baada ya ule wizi wa nyani aliligeuza kidogo. Sasa linatazama mpaka kichakani.

Kichaka gani, nikauliza.

Kile cha kushoto, akasema, chenye majani mengi makavu. Dume likiwa limejificha popote, limejificha pale.

Nikasema nimekanyaga mwiba. Nilihitaji sababu ya kukaa chini.


Jumapili, 9 Juni, asubuhi

Leo jioni masanduku yanafunguliwa. Picha zote zitaonyeshwa kwenye shuka ukumbini. Ndani ya sanduku la kwanza niko mimi, siku mbili, na mwiko.

Nimefikiri. Mtu mwingine angekwenda kuungama. Mimi nilikwenda kufuta.

Nilitoka kabla ya chai. Nikasimama mbele ya sanduku, nikalifungua. Ndani kuna kioo kidogo, na maandishi yaliyoandikwa na mtu asiyependa wazee. Miwani nimeisahau. Nikasogeza uso, nikaurudisha, nikasogeza. Kitufe hiki kinageuza tarehe. Kile kinapiga mlio. Nilisimama muda mrefu sana, nadhani sijawahi kusimama kimya hivyo tangu nibatizwe. Mwisho likaniuliza kama nafuta zote. Nilitaka kufuta zangu tu. Halikunipa nafasi ya kuchagua, na mimi sikupenda kubembelezana na tofali. Nikabonyeza ndiyo.

Tupu! Safi! Nimerudi kunywa chai, roho kwatu. Mpishi akasema leo nina uso wa mtu aliyelipwa.


Jumapili, 9 Juni, jioni

Naandikia chooni. Ndiko pekee kwenye komeo.

Walianza na sanduku la kwanza. Tupu. Daktari akaichomoa kadi, akaipuliza, akairudisha. Tupu. Nikasikitika kwa sauti. Nikasema mashine hizi si za kuamini, kwamba kwenye kazi nyeti hakuna kama jicho la binadamu. Nilikuwa nimeanza kupendeza kabisa.

Wakaweka kadi ya sanduku la pili. Lile linalotazamana na la kwanza. Nililolifunga mimi. Kwa mafundo yale.

Shukani ukatokea mgongo.

Picha iliyofuata: mgongo, na sanduku la kwanza limefunguliwa. Iliyofuata: mgongo umeinama. Zilikuwa nyingi. Sanduku lile halichoki! Profesa Popo akaomba kwa utaratibu afahamishwe huyo ni mnyama wa jamii gani. Mpishi ndiye aliyesimama, akaisogelea shuka, akanyoosha kidole kwenye miguu. Mguu wa kulia una soksi. Mguu wa kushoto hauna. Kisha akapandisha kidole mpaka mfuko wa nyuma wa suruali.

"Na ule ni mwiko wangu."

Ukumbi mzima ukanigeukia. Daktari alinitazama. Alitazama mezani kwake, kwenye ule mfuko wa plastiki wenye soksi ya nyani. Halafu taratibu, kwa kidole, akagonga meza. Pa-pa, paa.

Nikasema ndiyo.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini sikujua inapita ukumbini. Daktari alinitolea uvivu. Alisema siku mbili amenukuu tabia za mwiko. Alisema amewaandikia wenzake nchi za mbali kuhusu nyani wangu. Alisema, na hapa sauti ikamkatika, kwamba sange wake wamekimbia makwao kwa ajili ya picha ya harusi. Nikamtazama Profesa Popo anitetee kwa ajili ya ujirani. Alikuwa anatabasamu. Sijawahi kumwona ana meno.

Hakuna aliyekuwa anaangalia shuka. Mashine iliendelea kubadilisha picha yenyewe, mgongo baada ya mgongo. Mpishi ndiye alisema kwanza, polepole, tuangalie.

Picha: mimi nimesimama, pua yangu karibu iguse sanduku. Nyuma ya kisigino changu kisicho na soksi, jike la sange, ameinua uso. Kwenye kiatu changu hasa, kama mtu aliyepanda ngazi, dume. Pua kwa pua. Pua na jicho la kila mmoja vinaonekana, jua la asubuhi limewaangukia wawili hao tu.

Walikuwa hawajaenda mbali. Kelele zilipokwisha wakarudi, na mimi nimesimama pale nafuta picha.

Daktari alikaa chini. Akasema tangu aanze kazi hajawahi kuwapata wote wawili katika picha moja. Alilia waziwazi, Mpishi akampa kitambaa cha jikoni, naye akajifuta bila kuangalia ni cha nini. Nikaona hapo ndipo pa kusema neno. Nikasema hata mimi nimefarijika sana, ila kwa ushauri wa kitaalamu, mgongo wangu umepata mwanga hafifu.

Ndiyo maana niko chooni.


Jumatatu, 10 Juni

Daktari aliniita asubuhi. Nilikwenda na begi limefungwa, nimejiandaa kwa fulana.

Jalada limeamuliwa. Ni picha ile. Wamenikata kuanzia goti kwenda juu, kwa hiyo mbele ya kitabu kutakuwa na sange wawili na kisigino changu. Nikauliza jina langu litaandikwa wapi. Akasema picha ni ya sanduku. Nikamkumbusha ni nani alilifunga sanduku hilo, akalielekeza, akasimama mbele yake, na hata akaleta kiatu ambacho mnyama amekipanda. Kazi hiyo yote ni ya nani kama si ya mpiga picha? Akafikiri. Akasema nitatajwa ukurasa wa shukrani, baada ya mti.

Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia. Bado ana hasira na mimi na ataendelea kuwa nayo mpaka masika. Lakini ameangalia picha zile tena na tena. Mtu amesimama, na sange wamemwona kama kisiki. Hilo ni jambo la kuchunguza. Na mafundo yangu ni mazuri. Anahitaji mtu wa kufunga masanduku, kubadilisha betri na kusimama kimya. Mkataba wa mwaka. Mshahara ni ule ule wa mpiga picha rasmi.

Nilijikaza nisimkumbatie. Nikamwambia nitalifikiria, nikasaini kabla hajaweka kalamu chini.

Nimempigia mke wangu. Alicheka kile kicheko chake cha zamani, cha kabla ya studio kufungwa. Akasema kaka yake atamvalisha fulana mtu mwingine, na akaniuliza kama ni kweli nimelipwa ili nisiongee. Nikasema kwa kifupi, ndiyo. Akasema hao watafiti wamegundua kitu ambacho yeye alishindwa.

Masharti ya mkataba ni machache. Nisipige mluzi. Nisishike chombo chochote cha jikoni. Profesa Popo ameongeza chake kwa mkono: nisipige chafya mchana. Na lile kubwa, ambalo Daktari alilipigia mstari mbele yangu: nisiingie msituni na kamera. Kamera yangu ameifungia kabatini kwake.

Nimekubali yote kwa moyo mweupe. Mtu mzima hujifunza. Yaliyopita yamepita.

Ila baada ya chakula nimeusoma mkataba tena, mstari kwa mstari, na miwani. Umesema kamera. Simu haikutajwa mahali popote. Na simu si kamera, simu ni chombo cha kuongelea. Mwakani wanatoa kitabu cha pili. Sasa mimi nikiwa nimesimama kimya kama nilivyoagizwa, nasoma ujumbe wa mke wangu, simu nimeinyanyua kidogo kutafuta mtandao, na sange akapita mbele yangu kwa hiari yake, kosa langu liko wapi?